Hapo Pa Tarehe Usipaache Wazi

Kangiluk, 21 Agosti

Mdogo wangu Evon,

Nakusalimu wewe, namsalimu wifi yangu Nastasia, nawasalimu Elena na Petya mmoja mmoja. Sisi huku wazima. Goti la mume wangu Kiril limepona, sasa analalamikia mgongo. Yule lazima awe na kiungo cha kulalamikia, kikipona hiki anatafuta kingine. Mwanangu Misha ameng'oka meno mawili ya mbele na anajivuna kama aliyerudi vitani. Samaki mwaka huu walichelewa, tukaanza kutazamana, kisha wakaja wanono. Nimewakausha kwa moshi na nimekuwekea kwenye boksi hili. Chupa ya mafuta ya sili, yule mnyama Kiril aliyemwinda baharini, nimeifunga kwa mifuko mitatu. Ikivuja, wenzako wa ghorofani watakufukuza kwa harufu, usiseme sikukuonya.

Najua tungeweza kuongea kwa simu. Lakini ukipiga unasema "tuko salama, dada, tuko salama," kwa sababu mkeo amelala hapo karibu na anasikia kila neno. Na mimi nasema "hata sisi tuko salama," kwa sababu bibi Yevgenia kaja kuomba sukari na hajaondoka. Kwa hiyo naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Bi Carlene, mwalimu mkuu wetu mpya, alinifuata jikoni shuleni nikiwa naosha masufuria. Akasema, "Agafia, watoto wa ndugu yako wanaishi wapi?" Nikamwambia wako Anchorage, mama yao anasafishwa damu kwa mashine hospitalini, na masomo wanafuatilia kwa kompyuta. Akasema, "Hilo najua. Nauliza kwao ni wapi." Nikamjibu, "Swali gani hilo? Kwao ni hapa."

Basi akanieleza. Shule ikiwa na watoto chini ya kumi serikali inaacha kuilipia, na inafungwa, kama ile ya ng'ambo ya mto ambayo sasa wanahifadhia mashua. Bila Elena na Petya hatufiki kumi. Lakini ofisi ya elimu ya wilaya inakubali mtoto aliyeondoka kwa muda aendelee kusoma mtandaoni na ahesabiwe bado ni wa hapa. Mzazi aandike kwamba kuondoka ni kwa muda, kwamba nyumba yake ya huku bado inamngoja, na aandike tarehe ya kurudi. Fomu iko ndani ya boksi, chini ya samaki. Hapo pa tarehe usipaache wazi. Ukipaacha wazi wanairudisha.

Sikuandikii haya kwa ajili ya kazi yangu ya jikoni. Jaza tu, uirudishe mapema, kabla ya ile hesabu ya wanafunzi ya Oktoba. Unajua ndege za huku na ukungu.

Dada yako,
Agafia


Anchorage, 9 Septemba

Dada,

Salamu zako zimefika, na samaki wamefika. Chupa haikuvuja. Nastasia alikula kipande kimoja akafumba macho, halafu akakumbuka kwamba daktari amemkataza chumvi, akala na cha pili. Watoto wazima. Petya amezoea kupanda lifti kuliko anavyozoea kusoma.

Mashine ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Anaondoka asubuhi, anarudi mchana akiwa kama nguo iliyokamuliwa, analala, jioni anaamka anatuchekesha. Wauguzi ni wema. Mmoja ni wa mto wa kule kwa mama, tumemjua kwa jina la babu yake.

Watoto wanasoma mezani pale pale tunapolia chakula. Elena anavaa vile vya masikioni, anasikiliza mwalimu ambaye yuko kijiji kingine kabisa, na wanafunzi wengine wametawanyika vijiji vyote vya wilaya. Mtandao wa hapa hauna shida. Shida ni kwamba chumba ni kimoja.

Nimejaza fomu. Tarehe nimeandika Juni.

Daktari alitaka kuzungumza nasi wiki iliyopita. Tulizungumza. Ni yale yale.

Nyumba yangu, dada, iwashie jiko mara moja moja. Isipowashwa moto itaingia ukungu.

Evon


Kangiluk, 30 Oktoba

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Hatukupata ndege kwa zaidi ya wiki, dhoruba ilipiga kutoka baharini, maji yakapanda mpaka kwenye ngazi za kanisa. Hakuna aliyeumia. Boti ya Kiril ilitembea yenyewe, tumeikuta imekaa nyuma ya duka kama imekuja kununua chai. Sasa mto umeanza kuganda pembeni na watoto wote wamekwisha kukatazwa kuukanyaga na wote wameukanyaga.

Hesabu imepita! Watu wa ofisi ya wilaya walipiga simu mbele yangu, Bi Carlene akasoma majina, akafika kwa Elena na Petya, wakamuuliza, "Hawa wanarudi?" Akasema, "Baba yao ameandika Juni." Wakasema sawa. Bi Carlene alipokata simu alikaa chini juu ya gunia la unga. Mimi nilienda nyuma ya friji nikapangusa macho kwa aproni. Kiril akija kukuambia eti nililia, nitakana.

Kwa hiyo asante. Watoto watakula chakula changu mwaka mzima, watake wasitake.

Kuhusu nyumba, usiwe na wasiwasi. Haitapoa.

Mwambie Nastasia nimemtengenezea akutaki, mafuta yaliyopigwa pamoja na matunda ya njano ya nyikani, yale aliyochuma mwenyewe kabla hamjaondoka. Mafuta nimepunguza. Chumvi sikutia hata kidogo. Inakuja ikiwa imegandishwa, aile polepole.

Agafia


Anchorage, 4 Desemba

Dada Agafia,

Hatujambo, na theluji imeshuka kweli kweli. Nimepata kazi uwanja wa ndege, kupakia na kupakua mizigo, zamu ya asubuhi. Masanduku ya posta ya kwetu yanapita mikononi mwangu. Juzi nimeinua boksi limeandikwa Kangiluk, nikataka kulikumbatia, msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Nina jambo la Elena. Sijui nimwambie nani.

Karibu na jengo letu kuna shule kubwa. Kila siku saa nane inatoa watoto, wanapita chini ya dirisha letu wakisukumana. Elena anafunga kompyuta anawatazama. Kumbe ameanza kushuka. Wasichana wa timu ya mpira wa kikapu wamemwona akirusha mpira uwanjani, na kocha wao mwenyewe amemwambia aje kujaribiwa. Nikamwambia haiwezekani.

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kwa sababu ukiandikishwa hapo unafutwa kule. Mtoto hawezi kuwa wa shule mbili."

"Basi nifutwe."

"Elena!"

"Baba, kule sipo! Mimi nipo hapa. Nasoma na vichwa vya watu kwenye vidirisha. Mara mtandao wa kwao unakatika, mara wanaganda midomo ikiwa wazi. Kuanzia Agosti sijagusa mtoto mwenzangu isipokuwa Petya, na Petya nimemgusa kwa kumpiga."

Mama yake akacheka pale kitandani. Mimi sikucheka. Nikamwambia tunarudi Juni. Akaniuliza, "Nani kasema?" Nikamwambia nimeandika mwenyewe kwenye fomu. Akanitazama, dada. Ana macho ya mama yetu yule. Akachukua koti akashuka chini.

Nikampigia Bi Carlene kumuuliza kama mtoto anaweza kusoma kwenu na kucheza huku. Akasema yeye binafsi hana neno, ila shule ya huku itamtaka awe wake. Akaniuliza kwa upole, "Bwana Evon, Juni ni Juni?" Nikamwambia simu haisikiki vizuri.

Nisaidie kitu kimoja. Kwenye nyumba, juu ya kabati la chumbani, kuna boksi la vitambaa la Nastasia. Anataka kushona siku ambazo mkono haumuumi. Litume ukipata nafasi. Na theluji ya mlangoni usihangaike kuitoa, maadam hakuna mtu.

Evon


Kangiluk, 12 Januari

Evon, Nastasia na wanangu,

Kristo amezaliwa! Tulizungusha ile nyota ya Krismasi yetu ya Januari nyumba kwa nyumba, tukiimba, siku zote za sikukuu. Sauti imenikauka, miguu imevimba, tumbo limejaa supu za watu. Kwa Yevgenia watu walijaa mpaka wengine wakaimbia nje. Misha alipewa kuishika nyota mara ya kwanza, akaizungusha kwa nguvu hadi ikamgonga padri kofia. Padri akaendelea kuimba.

Boksi la vitambaa nimelituma, nadhani limekwisha kufika.

Elena aliniandikia ujumbe akaniuliza kama nyota iliingia kwao pia, ingawa wao hawapo. Mwambie nyota ilipita kila nyumba.

Juu ya huo mpira, Evon, mimi sisemi kitu. Mtoto ni wako. Ila mwaka wa shule ndio unaelekea nusu, na boila inayopasha shule joto inakohoa kila asubuhi kama mzee, Bi Carlene anasema tusilete habari mpya yoyote kwa ofisi ya wilaya wakati huu. Avumilie mpaka Juni. Mkirudi atacheza na wenzake hapa mpaka achoke.

Mbona hukunijibu kuhusu daktari? Uliandika "yale yale." Yale yapi?

Dada yako


Anchorage, 3 Februari

Agafia,

Leo sina salamu ndefu.

Jana boila ya shule yenu ilikufa, hilo unalijua. Watoto wa Kangiluk wakaambiwa wafuatilie masomo kwa kompyuta kutoka majumbani, pamoja na kina Elena. Elena alikuwa kwenye somo la hesabu, mimi nachemsha chai, Nastasia amelala. Nikasikia:

"Baba, njoo uone."

"Ngoja, nina maji ya moto."

"Baba, njoo sasa hivi. Kuna mtu kwetu."

Nikadhani anasema kuna mtu mlangoni. Nikaenda mlangoni, hakuna. Nikarudi, nikaangalia kwenye kompyuta. Kulikuwa na msichana amekaa, simjui, na nyuma yake mapazia ya njano yenye bata weusi. Dada, mapazia hayo yako mawili tu duniani. Nastasia aliyashona mwaka aliopata Petya. Chini yake meza yangu, na ile alama ya kuungua niliyoiweka mimi kwa sufuria.

Elena akawasha sauti yake mbele ya mwalimu na darasa zima. "Wewe ni nani?"

Yule akasema, "Mimi Marfa. Tumehamia Novemba."

"Umehamia wapi?"

"Hapa. Kangiluk."

"Hapo ulipokaa ni kwa nani?"

Yule mtoto akageuka akatazama ukuta kama anaona kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mama anasema ni kwetu sasa."

Mwalimu akawazima sauti wote wawili. Elena akafunga kompyuta na akaingia bafuni, akafungulia maji ili nisimsikie.

Novemba. Mwezi Desemba nakuandikia usihangaike na theluji ya mlangoni maadam hakuna mtu, wewe unaniandikia nyota ilipita kila nyumba. Ilipita, kweli. Nani aliifungulia mlango?

Nimetia saini kwamba nyumba yangu inaningoja. Nimemnyima binti yangu shule na wenzake kwa ajili ya karatasi hiyo, kwa ajili ya shule yako. Na muda wote huo mwenye kunihimiza nisaini ndiye aliyewapa watu nyumba.

Usinitumie samaki.

Evon


Anchorage, 20 Machi

Dada,

Hujajibu. Nimekuwa nikitazama kila sanduku linalotoka upande huo.

Nilimficha Nastasia wiki nzima. Elena hakuweza, akamwambia. Unajua alifanyaje? Aliuliza, "Wana mtoto mchanga?" Elena akasema alisikia kichanga kikilia nyuma. Nastasia akakaa kitako, akasema, "Basi jiko linawaka usiku na mchana." Akatabasamu. Nikamwambia hiki si kitu cha kufurahia, ni nyumba yetu. Akasema, "Evon, mimi nilijua tangu Septemba. Nilikuwepo chumbani daktari akisema. Wewe ndiye uliyetoka ukaenda kutafuta kahawa."

Sikutoka kutafuta kahawa.

Andika, hata kama ni kunitukana.

E.


Kangiluk, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeandika barua nne nikazichoma jikoni. Kiril akaniuliza napika nini kinachonuka wino. Hii sitaichoma.

Wazima sisi. Bata bukini wameanza kurudi, jana nimewasikia kabla sijawaona.

Waliomo ndani ni Olinka, binti wa binamu yetu Nikifor, na mumewe na watoto wao. Walikuwa mjini kwa wakwe, watu kumi na kitu vyumba viwili, wanalala kwa zamu. Mwezi ule wa Novemba alikuja kumzika shangazi yake wa upande wa mama. Nikaenda naye kuwasha jiko kwako, kwa sababu nilikuahidi. Tulipofungua, Evon, ukutani kulikuwa na barafu. Ndani. Ukungu umeshika nyuma ya kitanda cha watoto. Nilikuwa nawasha mara mbili kwa wiki na bado. Olinka alichukua kitambaa akaanza kupangusa. Akapangusa ukuta mzima na tumbo lake la miezi minane. Nikasikia kinywa changu kinasema, "Mkitaka, ingieni humu mpaka Juni."

Hilo ndilo nililomwambia, mpaka Juni. Halafu watoto wao watatu wakubwa wakaja shuleni. Nikawapakulia chakula. Nikahesabu kwa macho, na moyo wangu ukafanya kitu kibaya: ulifurahi. Nikaona kwamba shule imepona hata bila wanao. Nikaona naweza kukuandikia, "Evon, mwache Elena aende zake." Kalamu nikaishika. Sikuandika. Kwa sababu kama ningekuandikia hivyo ningekuwa nimekuambia kwamba najua hamrudi.

Najua, Evon. Mume wa Yevgenia alikwenda kwa mashine ile ile. Simjui mtu hata mmoja aliyeenda kwa mashine ile akarudi kukaa. Wewe uliandika Juni, nami nikaishika Juni yako kwa mikono miwili, nikamtuma mtoto wa kike abebe uzito wake. Kama ni hasira, hapo ndipo pa kukasirika. Mambo ya nyumba ni madogo.

Olinka anasema watatoka siku ukimwambia. Amelia sana kwa yale Marfa aliyosema. Alimuuliza mtoto, "Nilisema ni kwetu lini?" Marfa akasema, "Ulisema ulipokuwa unamwimbia mtoto."

Sasa niambie daktari alisema nini. Niandikie kwa mkono wako.

Agafia


Anchorage, 6 Mei

Dada Agafia,

Salamu kwako, kwa Kiril na mgongo wake, kwa Misha. Samaki, tuma.

Daktari alisema hivi. Figo zote mbili zimekwisha. Mashine ni ya maisha, isipokuwa akipata figo ya mtu, na kwa hali ya moyo wake hawatamweka kwenye foleni ya figo. Alisema anaweza kuishi miaka mingi mizuri, lakini karibu na mashine. Alisema neno "mizuri" mara mbili. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikatoka, nikaenda mpaka kwenye maegesho ya magari, nikawa nasoma namba za magari. Jioni ile ndiyo niliyojaza fomu.

Nilifikiri nikiandika tarehe, itakuja.

Ofisi ya wilaya imenitumia fomu ya mwaka ujao. Ni ile ile. Je, mtoto bado yuko nje kwa muda? Je, nyumba bado ni makazi yenu? Mnarudi lini? Nikaiweka mezani. Nastasia alikuwa anashona, Petya anasoma, Elena hakuinua kichwa lakini alisikia. Nikasema, "Haya, tujaze sote."

Petya akasema, "Andika tunarudi nikiwa mkubwa."

Nastasia akasema, "Wewe utarudi ukitaka, baba. Hapa wanauliza sisi."

Nikasoma swali la kwanza kwa sauti. Nastasia akaweka sindano chini, akasema, "Elena, wewe uko wapi?"

Elena akaanza kulia. Akasema, "Shangazi Agafia atafungiwa shule."

Mtoto alikuwa anajua kila kitu, dada. Hakuna aliyemwambia, ila alikuwa anajua mwaka mzima kwa nini amekaa kwenye meza ile. Nikamsomea sehemu ya barua yako, pale penye watoto watatu wa Olinka. Akanifanya nirudie. Kisha akaenda akalala saa kumi na mbili jioni, hakuamka mpaka asubuhi. Sijamwona akilala hivyo tangu tuje.

Nimeandika ukweli. Hapo pa tarehe nimeandika: Haturudi kukaa. Watawafuta wote wawili mwaka wa shule utakapokwisha. Bi Carlene alinipigia, akasema alijua, asante kwa kusema. Nikamwomba msamaha kwa ile Juni. Akasema hata yeye alimuuliza mtu mmoja swali akiomba asijibiwe.

Olinka asihame.

Nakukasirikia bado. Ila kidogo kidogo, kama mtu anayemaliza kikombe.

Evon


Kangiluk, 11 Juni

Evon,

Barua imefika. Nimeisoma chumbani, nimeisoma jikoni, nimemsomea Kiril, Kiril akatoka nje akaenda kupaka boti rangi wakati wa mvua.

Njoo kwa msimu wa samaki. Wewe na watoto. Najua Nastasia hawezi kuiacha mashine, na najua utasema huwezi kumwacha; muulize yeye, usimjibie. Elena anahitaji kuwagusa wenzake na mimi nahitaji mtu wa kuvuta nyavu ambaye hana mgongo mbovu.

Mtalala kwangu.

Dada yako anayekusubiri, hata kama bado unanikasirikia


Anchorage, 27 Agosti

Dada yangu Agafia,

Tumefika salama kutoka kwako, na mimi ndiye niliyejipakulia samaki wangu mwenyewe uwanja wa ndege, nikajikaribisha. Nastasia hajambo. Dada yake aliyekuja kukaa naye alimtunza vizuri, ila walicheza karata kila siku na Nastasia anasema aliibiwa. Anakushukuru kwa vile viatu vya ngozi ya sili. Amevivaa hospitalini, wauguzi wamekuja kutoka vyumba vingine kuviona.

Elena ameanza shule Jumatatu. Nilimsindikiza. Ofisini walinipa fomu, kwa nini isiwepo fomu, nikafika penye anuani ya nyumbani nikaandika namba ya chumba chetu. Aliporudi saa nane nilimwangalia kutoka dirishani. Alikuwa katikati ya kundi, anasukumwa na kusukuma, sikumtofautisha mara moja. Alipoingia nikamuuliza shule ikoje. Akasema, "Wanafunzi ni wengi mno, chakula hakina ladha." Halafu akala sahani mbili akishindana kuniambia majina ya watu.

Petya analia kila asubuhi. Mwalimu wake anasema atazoea. Sijui. Huyu ndiye wa Kangiluk kweli.

Kuna jambo sikukuambia nilipokuwa huko, ingawa tulikaa pamoja siku zote zile tukikata samaki. Siku ile ya kwanza, uliponiuliza nilikuwa wapi nikasema nilikuwa nimeenda kuangalia boti. Sikwenda kwenye boti.

Nilikwenda nyumbani. Nilipanda ngazi, nikafika mlangoni, na nikabisha.

Dada, kwetu nani anabisha? Mtu husukuma mlango, anavua viatu, anakaa, anamiminiwa chai. Mimi nilisimama kwenye ngazi niliyoipigilia misumari mwenyewe nikagonga mara tatu kama mtu wa serikali. Ndani wakanyamaza. Nadhani kweli walidhani ni mtu wa serikali. Kisha mlango ukafunguliwa kidogo, kijana wao mdogo akanichungulia, mdomo umejaa mkate. Akageuka akapiga kelele, "Mama! Mgeni!"

Olinka akaja akikimbia na mtoto begani. Aliponiona alisimama. "Baba mdogo! Unabisha kwako?"

Nikasema, "Kwenu."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Neno lilitoka tu, na lilipokwisha kutoka sote wawili tulilitazama. Macho yake yakajaa. Akasema, "Basi ingia, usisimame nje na mbu." Nikavua viatu nikaingia.

Ukuta ni mkavu. Wameupaka rangi. Kuna kamba ya nepi kutoka kwenye jiko hadi dirishani. Nilikaa kwenye upande wa meza ambao sikuwahi kukaa, kwa sababu kiti changu kilikuwa na Marfa, anafanya hesabu, naye hakujua kama anyanyuke au abaki. Nikamwambia abaki. Olinka akanimiminia chai, akaniomba niwashike watoto wake mkono mmoja mmoja, wakaniambia majina yao.

Nilipotaka kuondoka nilikumbuka tabia ya ule mlango. Nikamwita Olinka na mumewe, nikauvuta ukafungwa. Nikawaambia Januari utakwama kwa baridi, kila mwaka unakwama, nao watadhani umevunjika na kuung'oa. Wasiung'oe. Nikawaonyesha pale chini, karibu na bawaba, mahali pa kuupiga kwa goti, na jinsi ya kuuinua kidogo wakati huo huo. Mumewe alijaribu, akakosea. Olinka akajaribu, akakosea. Akajaribu Marfa, akaupiga, akauinua, ukafunguka.

Evon